Jiwe Lisilopuliziwa

"Fundi, usipulizie."

Jamilah alikwisha kuiinua pete karibu na midomo. Elena, mteja aliyefika asubuhi hiyo kutoka Koboko, alikuwa ameushika mkono wake, na hakuuachia.

Nje ya kibanda soko la Arua lilianza kuvuma. Ndani, jiwe lilikaa juu ya dhahabu, waridi hafifu kama nyama ya pera lililoiva. Kila Jamilah alipoigeuza pete, rangi ilizama na kuibuka upande mwingine, kama mtu anayetembea na taa ndani ya nyumba.

Marehemu baba yake, Tahiru, ndiye aliyemfundisha usonara, na ndiye aliyemsimulia habari za almasi za rangi. Nyeupe zipo, alisema, ila ya waridi sonara huweza kuzeeka asiiguse. Ukiipulizia, ukungu hutoweka kabla hujafunga mdomo. Kioo hubaki kimelowa kama uso wa mfiwa. Jamilah alikuwa na miaka hamsini na moja. Jiwe hilo alikuwa ameliota tu, likimjia kiganjani likiwa na joto la yai.

"Mama Evelyn," alimwambia Elena, "harusi ya Evelyn iko Jumamosi, na pete iko ndogo kwa mtoto yako. Lazima nikate, niunge na moto. Kucha zinashika jiwe zimelika, nikifungua zitavunjika. Basi jiwe itaingia kwa moto pamoja na pete. Almasi itavumilia. Kama iko kipande ya chupa, itapasuka. Lazima nijue iko nini."

"Mimi sitaki kujua."

"Hata kidogo?"

Elena akafungua fundo la leso, akatoa uzi aliopimia kidole cha bintiye. "Bwana yangu Dumo alitoa hii Congo. Akapita nayo mpaka ya Vurra ndani ya kiatu, akafika nyumbani anachechemea. Watu wakamucheka, ati kuendesha lori ilimushinda, sasa kiatu pia imemushinda." Alicheka, akaunyoosha uzi juu ya goti. "Dumo hakukuwa mutu ya uongo. Kama hii iko chupa, basi walimudanganya. Miaka kumi na mbili amelala kwa kaburi. Sitaki kumuona anadanganywa."

Jamilah alilitazama jiwe muda mrefu. Pumzi moja tu, na ndoto yake ingepata jibu. Akauzima moto uliokuwa tayari ukiwaka.

"Iko njia ingine. Nyundo, bila moto, nipanue pete pole pole. Lakini dhahabu ikipigwa baridi inakuwa ngumu. Inaweza kukatika mbele ya macho yako."

"Piga."

Akajifunga mtandio puani na mdomoni, pumzi yake isije ikaliangukia jiwe. Elena akaguna, "Sasa unafanana mwizi ya kuku."

"Mwizi anaiba na haraka, mama. Mimi nitakaa na wewe mpaka jua igeuke."

Akaivisha pete kwenye chuma chembamba kilichonenepa kuelekea chini, akagonga, akaigeuza, akagonga. Mapigo madogo, kama mvua inayosita juu ya bati. Kila baada ya kitambo aliuzungusha uzi ndani ya pete, na ncha zake zikapandana. Adhana ya adhuhuri ilipita juu yao. Elena alisinzia, akazinduka, akasinzia tena. Kibanda kilikuwa kama kimeng'oka ardhini, kinaelea juu ya ule mlio.

Kisha mlio ukabadilika. Ukawa mwembamba, wa juu. Baba yake alimwambia dhahabu hulia hivyo inapochoka, na pigo linalofuata ndilo la kuivunja. Jamilah akaushikilia mkono hewani, akaweka nyundo chini. Unene wa unywele uliobaki akaukwangua kwa ndani kwa msasa, polepole, vumbi la manjano likimdondokea mapajani.

Uzi ukaenea, ncha kwa ncha.

Elena aliipokea pete kwa mikono miwili. Akaisogeza usoni, akalibusu jiwe, midomo yake ikakaa pale pale, na pumzi yake ikatoka ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

Jamilah akafumba macho.

Alipoyafumbua, Elena alikuwa amesimama mlangoni, mkono wenye pete ameuinua kwenye jua la alasiri. Kwenye ukuta wa mbao, juu ya nyundo na makopo, doa la waridi lilikuwa likitembea taratibu, likitafuta mahali pa kutulia. Jamilah alilifuata kwa macho, mtandio ungali mdomoni.