Sauti ya Taratibu Ilipokatika

Fundi wa kompyuta alipotuma ujumbe kwamba hataanza kazi mpaka mimi niwepo, nilijua kuna jambo. Mimi niliishia shule ya msingi. Kompyuta naipangusa vumbi, basi. Mtu akikuita ushuhudie usichokijua, anatafuta wa kumtupia lawama kesho: "Si mama mwenyewe alikuwepo?" Nikasali, nikachukua tasbihi na simu yangu, nikaenda.

Chama chetu kinawahudumia wagonjwa kwa simu. Aliyelazwa, aliyepooza, asiyeona, wote wanapiga namba yetu, wanasikia somo fupi la kuwatia moyo, kisha wanaacha ombi lao ili tuwaombee. Masomo yote aliyasoma marehemu mume wangu. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu hata nyumba ingewaka moto, angemeza mate kwanza ndipo aseme. Kanda zake za mwanzo ziliota ukungu zikatupwa. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya chumba kilicho nyuma ya ukumbi.

Na kompyuta hiyo ilikuwa imejaa. Mwanamke mmoja alipiga kutoka wodini aache ombi, akajibiwa hakuna nafasi. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye katibu wa chama, akasema kikaoni kwamba dawa ni kufuta masomo ya zamani. Ya zamani ni yapi, kama si ya mume wangu? Nikakataa. Wazee wakaamua atafutwe fundi aongeze nafasi. Na aliyemtafuta huyo fundi ni nani? Shemeji.

Nilimkuta fundi ameshakaa, mtu mzima, mwembamba, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayemngojea mgonjwa akate roho.

"Shikamoo mama. Kaa hapa uone," fundi akasema.

"Marahaba. Nione nini, baba? Nitaona taa."

Shemeji akacheka. "Ungebaki nyumbani, shemeji. Haya si mambo ya ufagio."

"Ufagio ndio unaojua uchafu uliko," nikamjibu. Nikavuta kiti karibu na ukuta, palipo na soketi ya umeme.

Nikamuuliza fundi kama ataizima kompyuta.

"Siizimi. Sasa hivi kuna mgonjwa anasikiliza. Hii inayopokea simu haina mwili wake, mama. Imeundwa ndani ya hii kubwa, inaishi humo kama mpangaji. Namwongezea chumba naye yumo ndani, hata sufuria haiondoki jikoni."

"Mpangaji anayeongezewa chumba akiwa amelala, huamkia barabarani."

Fundi akacheka mpaka miwani ikateleza. Mimi sikucheka. Nikapiga namba yetu, nikaweka simu mezani, sauti juu. Taratibu akajaa chumba kizima. "Hii naiacha hivi," nikasema. "Akinyamaza, nitajua."

"Vizuri sana. Hata mimi itanisaidia."

Jibu hilo nalo halikunipendeza. Mwizi gani anayefurahia mbwa?

"Mna nakala nyingine pembeni?" fundi akauliza.

"Ipo kwangu, endelea," shemeji akasema, haraka, swali halijatua. Nilimtazama. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nakala hiyo sikuwahi kuisikia, si kikaoni, si nyumbani.

Fundi akabonyeza, akasoma, akakuna kidevu. "Inakataa kupanuka. Kuna mtu mwaka jana alipiga picha ya mashine hii, yaani alihifadhi hali yake jinsi ilivyokuwa, akaisahau. Picha ikiwepo, diski haiongezeki. Naifuta kwanza."

"Unafuta?"

"Nafuta picha, mama, sio sauti. Yaliyorekodiwa baada ya picha yanaunganishwa na ya mwanzo, yanakuwa kitu kimoja."

"Mwizi wa kuku naye husema anamuunganisha na wenzake."

Akabonyeza. Taratibu alikuwa anasema na wagonjwa wake: "Na wewe uliyelala hapo, geuka kidogo. Mto huo..."

Kimya.

Nikaitazama simu. Haikukatika, ilikuwa bado inahesabu muda. Ila ndani yake hakukuwa na mtu. Nikainuka, nikashika waya wa umeme pale kwenye soketi.

"Mama, usichomoe!" Fundi alisimama, rangi imemtoka. "Vipande vinashikanishwa sasa hivi. Ukikata umeme hapa, hakuna fundi atakayevirudisha."

"Hasara iko wapi? Si nakala ipo kwa shemeji?" Nikamgeukia yule wa mlangoni. "Ipo, haipo?"

Nikauvuta waya kidogo, ukalegea.

"Shemeji, niachie huo waya," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Haipo," akasema. "Sijawahi kuitengeneza."

Nikaurudisha waya ndani, pole pole, nikauondoa mkono wangu pale kama ninayemwachia mtoto alale. Kisha nikamwita Mungu wangu, nikivuta tasbihi punje kwa punje. Nilimshuku mgeni, nikamgeuzia mgongo mwenyeji.

"...uweke vizuri," akasema Taratibu. "Hatuna haraka."

Fundi alikaa kama gunia lililotuliwa. Akaendelea na kazi, lakini kwenye kioo cha kompyuta mstari unaoonyesha nafasi ulibaki mwekundu, umejaa vile vile. "Nafasi uliyoongeza iko wapi?" nikamuuliza. Akaniambia chumba kimeshajengwa, ila mpangaji hajaonyeshwa mlango. Akaandika tena, mstari ukarudi nyuma, ukawa kijani. Taratibu hakukatika tena.

"Mama, nilikuita kwa sababu moja," fundi akasema, bila kumtazama shemeji. "Katibu aliniambia nifute masomo ya zamani, nikwambieni yameharibika yenyewe. Nikamwambia siigusi sauti ya marehemu mpaka mke wake aje."

Nilimngoja shemeji akane. Hakukana.

"Wewe hujui," akaniambia. "Nikipokea simu mimi, wananiuliza Taratibu yuko wapi. Nikiwaambia alikufa, wanasema basi tuwekee huyo huyo aliyekufa. Kaka yuko kaburini, na bado ndiye anayeongea. Mimi nitasikika lini?"

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Nikayameza.

"Nafasi ipo," nikasema. "Kaa hapo usome. Lakini masomo ya kaka yako hayaguswi."

Fundi alitengeneza nakala ya masomo yote kwenye diski ndogo. Shemeji akanyoosha mkono, fundi akampita, akanipa mimi. Nikaifunga kwenye pindo la kitambaa changu, mafundo mawili.

"Unaweza kwenda, shemeji," katibu wetu akasema, akijiweka sawa mbele ya kinasa sauti. "Ukinitazama nitakosea."

"Kosea tu. Nipo."

Akakohoa, akaanza kusoma, mbio mbio, kama anayefukuzwa. Nikasogeza kiti changu karibu na mlango, nikapiga tena namba yetu, nikaweka simu sikioni, nikasikiliza kama yule mwingine bado yumo.