Ubeti wa Tatu na Cherehani ya Dada

Saa kumi jioni mjukuu alifungua kitabu cha mashairi juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasogeza mkasi pembeni, akaanza kuhesabu mizani kwa vidole. Bibi yake, fundi cherehani, alikuwa akishona vifungo kwenye gauni la mwalimu wa mjukuu.

"Soma kwa sauti, mke mwenzangu, na mimi nifaidi," Bibi akamtania.

"Nishonapo kwa sindano, kidole hakiniumi."

Kule kwenye kona, cherehani ya marehemu dada yake Bibi ikaanza kukanyagika yenyewe: mara nane, ikapumua, mara nane. Bibi akainuka kuitia mafuta, maana ilikuwa inalia kidogo.

"Nane kwa nane," mjukuu akaandika. "Kina cha kati *no*, cha mwisho *mi*."

"Dada alikuwa anatunga huku anakanyaga," Bibi akasema. "Mimi nashona vifungo, yeye ananifukuzia usingizi."

Mjukuu akatazama jalada. Penye mtunzi palikuwa na jina la mkaguzi wa shule.

"Huyo alikuwa mteja. Alikuja kupunguza suruali, akakaa hapa na kidaftari wiki nzima. Suruali moja!"

Wakaenda vizuri mpaka ubeti wa tatu. "Enyi watu mkono, ukichoka hausemi." Kanyagio lilishuka mara saba, likagoma.

"Saba, Bibi. Pamepungua moja."

Bibi akaweka kipande cha kitambaa chini ya sindano, kama anayempa mgeni kiti. Cherehani ikashona kwa uzi mwekundu: *mdogo wangu*.

"Mdogo wangu mkono," mjukuu akahesabu. "Nane!"

"Kumbe hapo palikuwa pangu," Bibi akasema, akacheka mpaka miwani ikateleza.

Mjukuu akaandika yote. Penye mtunzi akaweka: dada wa bibi yangu.

Kesho yake daftari lilirudi kutoka kwa mwalimu. Vina, vyema. Mizani, vyema. Mtunzi amekatwa kwa wino mwekundu, na jina la mkaguzi limeandikwa juu yake.

Jioni mwalimu akafuata gauni, akamletea mjukuu penseli mpya. Upindo ulikuwa bado, Bibi akaliweka gauni chini ya sindano ya Dada. Mjukuu akasoma ubeti wa tatu kwa maneno ya Dada, na cherehani ikaumaliza upindo, nane kwa nane.

"Kitabuni ni *enyi watu*," mwalimu akamsahihisha kwa upole, huku anapapasa mshono. "Umenyooka huu! Nani kashona?"

"Dada yangu," Bibi akajibu.

"Mpe shukrani zangu nyingi." Akakunja gauni, akaweka kitabu kwapani, akaenda zake.

"Umesikia, Dada?" Bibi akauliza, akikata uzi.

Kanyagio likashuka mara moja.