Vidole vya Profesa Torkel

Ragnhild, mtafiti wa mkataba katika maabara ya Profesa Torkel, alimvumilia bosi wake kwa mengi, ila ugoro wake ulimshinda. Kule Uppsala ugoro hutiwa katika vifuko vidogo, mtu akakibana kimoja chini ya mdomo wa juu mpaka fizi zikawa rangi ya tope. Asubuhi moja, kama kawaida yake, Profesa alikichomoa cha kwake kwa vidole viwili vyenye glovu, kikichuruzika mate, akakitupa. Kisha, kwa glovu ileile, akafungua chupa ya RNA.

"Profesa, hiyo glovu!"

"Si nimevaa, mama? Unataka nivae na soksi?"

Maskini, aliamini glovu ni ya kumlinda yeye. Kumbe ni ya kuilinda kazi isichafuliwe naye.

Na kazi yenyewe ni hii. Uzi wa RNA, unaobeba maagizo ya seli, hupenda kujikunja na kujifunga mafundo kama nywele zisizochanwa, seli ikashindwa kuusoma. Hapo huja helikesi, kimeng'enya cha kufumua, ikatambaa juu ya uzi na kuyafungua mafundo. Lakini bila ATP, chakula chake, haisogei ng'o. Ragnhild aliutia uzi rangi inayong'aa fundo likifunguka, na wiki nzima mirija iling'aa kama duka la sonara. Profesa alikwishawatambia wenzake wa Göteborg kwamba helikesi yake ni ya ajabu, na mkataba wa Ragnhild ulining'inia kwenye ajabu hiyo.

Asubuhi hiyo Ragnhild alijaribu mrija usio na ATP. Ukang'aa. Akajaribu mwingine usio na helikesi kabisa, RNA tupu. Nao ukang'aa, bila hata haya.

Basi hapakuwa na kilichofumuliwa. Uzi ulikuwa umekatwakatwa, na uzi uliokatwa hung'aa vilevile; kwa maana mate ya binadamu yana vimeng'enya vya kutafuna RNA. Akakitazama kifuniko cha chupa: alama ya kidole, ya kahawia, bado mbichi. Wiki nzima alikuwa akiyapima mate ya Torkel!

"Profesa, matokeo yetu ni mate yako."

"Basi mate yangu yana akili," Torkel akacheka. "Hiyo mirija miwili usiionyeshe. Nani atauliza?"

"Mimi."

"Mkataba wako unakaribia kwisha, binti. Usijitie ukali." Tone la kahawia likamtoka pembeni mwa mdomo. Akalilamba.

Hapo Ragnhild akaibeba chupa hadi chumba cha kahawa, akaitua mezani mbele ya watafiti wote. "Tuliwatangazia helikesi, kumbe ni mate. Mirija isiyo na helikesi inang'aa vilevile."

"Mkataba usahau!" Torkel akafoka mlangoni.

"Nimesahau. Sasa nawaandikia Göteborg."

Akaketi akaandika kwa mkono mmoja, wa pili umeziba mdomo. Nyuma yake mwenzake Sixten, shavu limejaa andazi la mdalasini, akaacha kutafuna.

"Jamani," akauliza, "haya maandazi kayapanga nani sahanini?"

Wote wakamgeukia Torkel.