Siku ya Kidoti

Kabla hata hajavua koti, Bwana Heri aliwasha kompyuta, akafungua lile dirisha jeusi na kuandika neno moja: zijazo. Mistari ikajipanga, maandishi meupe juu ya weusi, ya karibu juu, ya mbali chini. Kesho mhasibu anazaliwa. Alhamisi kuna kikao na watu wa mita. Jumamosi binti wa mlinzi anaolewa. Bwana Heri akavuta kiti, akaagiza chai na kuanza kutunga salamu za mhasibu.

Programu hiyo aliiandika mwenyewe zamani, alipoajiriwa kutunza kompyuta za kampuni ya maji. Haikuwa na picha, rangi, wala kitu cha kubofya. Ukitaka jambo, unaiandikia. Ukiandika ongeza, inakuuliza nani na lini. Ukiandika futa, inakuuliza kama una uhakika. Yeyote aliyeitaka alimpa bure, watu wakagawiana, ikaenea maofisini na mashuleni mpaka akapoteza hesabu.

Jina lake la utani, Bwana Heri, lilitokana na hiyo programu. Hapo kazini mtu hakuzaliwa, hakuoa wala hakufiwa bila Bwana Heri kumpitia mezani kwake na neno zuri. Mkurugenzi alimpandisha cheo mwaka ule alipokumbukwa siku yake ya kuzaliwa, ambayo hata mkewe aliisahau. Watu walisema yule bwana ana moyo. Yeye alicheka tu, maana alijua kichwani mwake hamna hata tarehe moja. Zote alikuwa amezitua, akabaki anatembea mikono mitupu.

Chai haijapoa, dada wa mapokezi akachungulia mlangoni.

"Bwana Heri, una wageni. Mama mmoja na mtoto."

Alikuwa mzazi mwenzake, mwanamke aliyeachana naye zamani, mwenye duka la viatu upande wa pili wa mji. Pembeni yake alisimama Kidoti, binti yao, amevaa sare ya sekondari iliyokunjwa pindo mara kadhaa, na mkoba wa vitabu unaomfika magotini. Mara ya mwisho Bwana Heri kumwona, Kidoti alikuwa anamfika kwenye mkanda wa suruali. Sasa hivi pia alimfika kwenye mkanda wa suruali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeku..." Akaimeza sehemu iliyobaki.

"Hajakua," alisema mama. "Ndiyo kilichotuleta."

Wakakaa. Kidoti miguu yake haikufika chini, akaikunja juu ya kiti kama aliyezoea.

Mama akaeleza taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Mwanzoni alidhani ni bahati: viatu vya mtoto havimbani. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, saizi ileile. Jino la mbele lilianza kulegea akiwa darasa la kwanza, na mpaka leo linalegea. Akili ilikwenda mbele kama ya wenzake, mitihani akafaulu, sasa yuko kidato cha pili. Shule haikuwa na neno. Walimu walimweka dawati la mbele, wakampa na mto wa kukalia, na mwalimu mkuu alichosisitiza ni kwamba sketi ifunike magoti kama ya wengine.

"Na daktari?" aliuliza Bwana Heri.

"Amempima yote. Akasema mtoto mzima kabisa, ila hana siku ya kuzaliwa. Mtu atatimizaje miaka kama hana siku ya kuitimizia? Kasema wanakuja wengi wa namna hii. Akaniuliza ilikuwa inatunzwa na nani. Nikamwambia, na baba yake."

Kweli ilikuwa hivyo. Walipoachana waligawana vitu bila ugomvi. Mama alichukua mtoto, kitanda na vyombo. Bwana Heri alisema mambo ya tarehe niachieni mimi, hayo nina pa kuyaweka.

"Cheti chake je?"

Mama akatoa cheti mkobani na kukilaza mezani. Jina la mtoto lilikuwapo, la baba lilikuwapo, muhuri ulikuwapo. Mahali pa tarehe palikuwa peupe, safi, kama hapajawahi kuguswa na kalamu.

"Na mimi imenitoka," alisema. "Uchungu naukumbuka. Mvua naikumbuka, na yule mkunga aliyekuwa na mafua. Siku yenyewe sina. Fungua huko kwako, tuichukue twende."

Bwana Heri hakufungua, kwa sababu alijua haimo.

Miaka ile Kidoti alipokuwa mdogo, mstari wake ulikuwa ukitokea kila siku yake ilipokaribia. Kidoti anatimiza miaka mitano. Akaahidi kwenda, hakwenda. Kidoti anatimiza sita. Akaahidi tena kwenye simu, mtoto akamwekea kiti mlangoni, yeye akapatwa na kikao. Wa saba ulipoanza kutokea alikuwa ameshajifunza kuukwepa kwa macho, kama unavyomkwepa mtu njiani. Asubuhi moja mhasibu aliinama begani kwake kuulizia karatasi za printa, akausoma kwa sauti.

"Kidoti ndiyo nani?"

Pale kazini hakuwahi kusema kwamba ana mtoto. Kusema wakati ule kungeleta maswali: yuko wapi, mbona hatumjui, wewe unayetukumbuka sisi sote?

"Mtoto wa jirani," alijibu.

Mhasibu alipoondoka, ili asiulizwe tena, Bwana Heri akaandika futa. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo. Nayo ikafanya ilichoambiwa.

Sasa mama alikuwa anamtazama, anangoja.

"Mitambo hii nayo," alisema Bwana Heri, akikohoa kidogo. "Nadhani kuna wakati iliharibika. Ikafuta yenyewe."

"Haifuti yenyewe," alisema Kidoti. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosahihisha mwenzake darasani. "Tunayo shuleni. Lazima kwanza iulize, halafu mtu ajibu."

Mama akakivuta cheti karibu yake, akakinyoosha kona ambayo haikuwa imekunjika. Bwana Heri alitaka kushusha macho, lakini huko chini alikuwako Kidoti.

"Basi iweke upya," mama alisema mwishowe. "Yaliyopita tutayaongea siku nyingine."

Akaandika ongeza. Programu ikauliza nani. Akaandika Kidoti. Ikauliza lini.

Kile kistari cha kungojea kikawa kinawaka na kuzima. Bwana Heri aliingia kichwani mwake kutafuta, akakuta mle ndani pamefagiliwa. Alijaribu kuanzia mvua, lakini mvua hunyesha miezi mingi. Alijaribu kuanzia hospitali, akakumbuka harufu ya dawa ya sakafu na mtoto aliyefungwa kwenye kitambaa cha manjano, kichwa kidogo kama chungwa, akaona haya zaidi kwa kuwa hayo aliyakumbuka.

"Andika, baba," alisema Kidoti.

Vidole vikaandika vyenyewe. Ilikuwepo tarehe moja ambayo havikuhitaji kuuliza, kwa kuwa mwaka hadi mwaka vilikuwa vikiiandalia hotuba. Programu ikaipokea. Kidoti, ambaye kidevu chake kilikuwa sawasawa na ukingo wa meza, akasoma kioo kutoka juu mpaka chini.

"Hiyo ni ya mkurugenzi," alisema. "Ile pale, mstari wa chini yake."

"Siku moja inaweza kuwa ya watu wawili."

"Inaweza," Kidoti akakubali.

Kisha akaingiza vidole mdomoni na kutoa jino. Mama akalifunga kwenye leso, akamtazama mtoto fizi. Kwenye cheti, mahali palipokuwa peupe, wino ulikuwa unapanda polepole, kama chai kwenye mkate, mpaka tarehe ya mkurugenzi ikasomeka vizuri, kwa mwandiko uleule wa karani aliyeandika mengine.

"Siyo yenyewe," alisema mama. "Lakini atakua."

Mlango ukafunguliwa, mhasibu akaingia na kikombe mkononi. Akawaona.

"Ooh, una wageni. Ni nani hawa?"

Bwana Heri alifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, la silabi chache, kila baba hulitamka bila kufikiri. Lilifika mpaka kwenye meno.

"Ndugu," alisema. "Ndugu zangu hawa."

Kidoti akashuka kwenye kiti na kumpa mhasibu mkono.

"Shikamoo. Mimi naitwa Kidoti."

Mhasibu, ambaye hesabu zake zote alizishika kichwani, akafikiri kidogo, uso ukachanua.

"Aa! Yule mtoto wa jirani!"

Kidoti akamgeukia baba yake, akamtazama kwa macho ya mtu wa kidato cha pili, akaelewa yote, hata mwaka na saa aliyofutwa. Akamwonea huruma.

"Ndiyo," alimjibu mhasibu. "Wa jirani."

Mama akachukua mkoba, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Bwana Heri alimsikia dada wa mapokezi akiwaambia karibuni tena. Alikaa na kioo chake mpaka chai ikaganda utando juu, kisha akamalizia salamu za mhasibu, kwa sababu kesho ilikuwa kesho.

Kidoti akaanza kukua. Mama alipiga simu mara moja kusema viatu vimebana, na sauti yake ilikuwa na furaha aliyojaribu kuificha. Bwana Heri akaahidi kwamba siku yake ikifika atakwenda, safari hii kweli.

Siku ikafika. Programu ikaonyesha mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na Bwana Heri akaomba ruhusa ya nusu siku. Mkurugenzi akamshika bega. Alimwambia leo huendi popote, nani atatoa hotuba kama wewe hupo? Bwana Heri alikuwa na nafasi ya kueleza. Alifungua mdomo, akasema hamna shida, mzee.

Akatoa hotuba mbele ya keki ya mkurugenzi. Watu wakacheka penye kucheka, dada wa mapokezi akafuta machozi. Walipoanza kupiga makofi alitoka kwenye korido na kupiga simu.

"Kuna kelele huko," alisema Kidoti.

"Niko kazini, mwanangu. Nilikuwa nakuja..."

"Najua, baba. Leo ni siku ya mkurugenzi. Msalimie."

Akakata kwa adabu, baada ya kuaga. Bwana Heri akarudi ndani. Kwa kuwa aliombwa, na kwa kuwa salamu ndiyo kazi aliyoijua, alimfikia mkurugenzi na kumwambia kuna mtoto mmoja anakusalimu, leo naye anatimiza miaka saba.

Mkurugenzi akafurahi mno. Akauliza ni mtoto wa nani.

Bwana Heri akachukua kisu, akamkatia kipande kingine cha keki.