Pipa la Mwani

Msusi aliyaua maharage ya mkwe wake, tena kwa nia njema kabisa.

Bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa ya mkwewe tangu enzi. Mama huyo aliilima mpaka nyonga ikavunjika, na hata baada ya hapo alikuwa akiburuta kigoda hadi mlango wa uani, akaitawala kwa mdomo: hapa palizi, pale maji, huyo kuku nani kamfungulia? Mwanawe alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Jembe likamwangukia mkaza mwana, ambaye mikono yake ilizoea nywele za watu, si udongo. Na udongo wenyewe ulikuwa hoi. Mchanga mtupu. Nyanya zilitoa maua yakapukutika, mchicha ukageuka njano, na samadi haikupatikana tena, maana waliokuwa wakifuga mtaani waliuza mifugo wakajenga vyumba vya kupangisha.

Sasa, kila asubuhi msusi alipita ufukweni kwenda saluni, na jicho lake likaona kitu. Pale mawimbi yalipotupa mwani ukarundikana na kuoza, magugu ya ukingoni yalikuwa yamenona, kijani cha kung'aa. Akajiambia, kama bahari inalisha magugu, itashindwaje kulisha maharage? Jioni ile akateka maji ya bahari ndoo nzima nzima, akamwagilia tuta lote.

Haukupita muda majani yakakauka kingoni kama karatasi iliyopitishwa motoni. Na hayo maharage mkwe aliyapanda mwenyewe, amekaa chini, akijisogeza shimo hadi shimo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke hospitali.

"Umeyapa nini?" mkwe aliuliza.

"Maji ya bahari, mama."

Mama akalitazama tuta, kisha akamtazama yeye. "Kumbe ndiyo maana mchuzi wako hauna chumvi. Yote unaniwekea shambani."

Alisema hayo tu, akaingia ndani na kigoda chake. Afadhali angefoka.

Msusi hakulala vizuri, lakini kulia hakulia. Palipokucha akaenda kwa bibi shamba, yule mama wa ofisi ya kilimo, akamweleza yote bila kujificha. Bibi shamba alicheka kwanza, halafu akamvutia kiti.

"Chumvi na maharage havikai nyumba moja," alisema. "Kiazi sukari kinaweza kuvumilia maji ya bahari kidogo, tena yaliyochanganywa na maji ya kisima mengi mno. Maharage hapana. Ila wazo lako si baya. Ulichukua maji ukaacha mwani."

Akamfundisha. Aokote mwani uliotupwa na mawimbi tu, asing'oe ulio hai. Auoshe mpaka chumvi itoke, aukatekate, auloweke kwenye pipa lenye kifuniko, aukoroge mara kwa mara mpaka uoze. Kisha aichuje dawa hiyo, na kabla ya kunyunyizia aongeze maji hadi ifanane na chai iliyopauka. "Na usingoje miujiza. Mboji bado utatengeneza. Hii inausaidia mmea usimame, haigeuzi mchanga kuwa udongo mweusi."

Msusi akajifunga kibwebwe. Akitoka saluni, miguu ikimuuma kwa kusimama kutwa, alipitia ufukweni na kurudi na gunia begani linalochuruzika maji mgongoni. Pipa likajaa. Pipa likaanza kunuka.

Fundi cherehani wa jirani akachungulia juu ya ukuta. "Jirani, kuna kitu kimekufa huko kwako?"

"Hakijafa, fundi. Kinaoza tu."

"Wateja wangu nawapima wameshika pua! Jana nimemshonea mtu shati, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi!"

Akamwomba radhi, akalisukuma pipa hadi kona ya mbali, akakibana kifuniko kwa jiwe. Akadhani yameisha. Siku moja akarudi, akalikuta limelala ubavu, mwani umetapakaa, nzi wanasherehekea. Mkwe alikuwa mlangoni, kwenye kigoda.

"Nimemwambia fundi alimwage," alisema. "Bustani bado ni yangu."

Msusi alishusha gunia. "Mama, maharage yako niliyaua mimi. Nitukane, nimestahili. Lakini pipa nitalijaza tena. Ukilimwaga, nitalijaza tena. Sina mpango mwingine."

Msusi akalisimamisha pipa, akalisuuza, akakaa chini kuosha mwani aliokuja nao. Aliosha, akayamwaga maji yenye chumvi nje ya bustani, akaosha tena, vidole vikiwa vimekunjamana. Kisu kilikuwa butu, mwani unateleza, na kila alipokata kipande kimoja viwili vilimkimbia.

"Unakata kama unasuka," sauti ikatoka mlangoni. "Lete huku. Nyonga ndiyo iliyovunjika, si mikono."

Wakakata pamoja. Mpaka wanamaliza, mkwe ndiye alikuwa na fungu kubwa.

Tangu hapo fundi alipolalamika, alijibiwa na mama mwenyewe: "Shona madirisha yamefungwa." Na alipozidi, akaahidiwa nyanya.

Hayo mavuno hayakuja kirahisi. Msusi, kwa pupa, aliinyunyizia pilipili dawa ya mwani nzito, isiyoongezwa maji, majani yakajikunja na miche ikadumaa. Akaing'oa, akapanda mingine, akapima kwa kopo safari hii. Mchicha ulirudi kwanza. Kisha maua ya nyanya, badala ya kupukutika, yakashika; vikatokea vitunda vidogo, vikanenepa. Si nyanya nyingi za kujaza mikokoteni, lakini mashina yalisimama wima, na chini yake mboji ya maganda ya jikoni ilianza kuupa mchanga rangi.

Nyanya ya kwanza iliyoiva mkwe aliila papo hapo shambani, juisi ikimchuruzika kidevuni. Akanyoosha mkono apewe nyingine.

"Mwanangu," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "mwani umebaki kidogo pipani. Kesho tunakwenda wote."

"Mama, ufukweni ni mbali, na mguu wako..."

"Nimesema tunakwenda."

Dereva alikuwa amerejea kutoka safarini. Akaazima mkokoteni, akautandikia godoro, akampakia mama yake.

"Miaka yote naendesha lori," alilalamika akisukuma, jasho linamtoka, "leo nimeshushwa cheo."

"Angalia mashimo," mama akamwambia.

Walimkalisha karibu na rundo la mwani lililotupwa na mawimbi usiku uliopita. Akauchambua kwa mikono yote miwili, akitupa pembeni vipande vya nyavu na plastiki, huku mkaza mwana akijaza gunia.

"Huo acha, una mchanga mwingi," aliamuru. "Ule pale, chini kidogo. Haya, kimbia kabla wimbi halijauchukua!"

Msusi akapandisha gauni hadi magotini, akakimbia.