Tetere wa Kasiran

Siku upepo ulipovunja tawi la mfenesi, Kasiran na shemeji yake Tumirah, mjane wa kaka yake, waliokota makinda mawili ya tetere katikati ya ua waliokuwa wakiutumia pamoja. Kasiran akamtia wake tunduni. Tumirah akamlisha wake mpaka mguu uliovunjika ukaunga kwa kupinda, kisha akamwachia aende zake.

Ubishi ulianzia hapo.

"Wangu atamzika wako," alisema Kasiran. "Mwewe hamfikii, nyoka hamfikii, na mtama analetewa hadi mdomoni."

"Wewe nikikufungia chooni nikakuletea wali, utazeeka vizuri?"

Kijiji kizima kikagawanyika. Kila asubuhi Kasiran alivuta kamba na kupandisha tundu hadi juu ya mlingoti wa mwanzi, na tetere wake akaimba mpaka majirani wakasahau kahawa zao. Tumirah naye, akianika mpunga, hakukosa kumnyooshea kidole tetere aliyetua paani. "Yule pale Kigulu wangu! Mgumu kama chuma!"

Miaka ikapita hivyo. Kasiran akaota mvi, tetere wake akafanya ukungu machoni, na bado walitaniana.

Asubuhi moja Kasiran akateremsha tundu na kumkuta ndege amelala chali, kucha zimejikunja. Alikaa naye kiganjani muda mrefu. Akamfunga kwa kipande cha saruni, akamzika nyuma ya jiko penye mpapai, na hapo ndipo alipokumbuka mdomo wa shemeji yake. Akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaenda mjini kwenye soko la ndege. Muuzaji aliapa kwa mama yake kuwa yule aliyemchagulia ni dume, tena mwimbaji.

Alirudi na ndege ndani ya kikapu, chini ya majani ya kabichi.

"Shemeji, tangu lini unanunua mboga?" Tumirah alikuwa mlangoni, kama kawaida yake.

"Daktari kaniambia."

"Na kabichi yenyewe inapumua?"

Kasiran akapita haraka, kikapu kakikumbatia kifuani.

Yule ndege mpya hakuimba hata kidogo. "Mzee anapumzika," Kasiran aliwaambia watu. Tumirah alimtazama ndege, akamtazama Kasiran, akatafuna polepole kipande cha tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa. Ikawa kila akisikia hatua za shemeji yake, Kasiran anakumbuka shughuli sehemu nyingine.

Jumapili moja majirani walimaliza kufagia njia, wakaja uani kunywa kahawa. Tumirah akaomba tundu literemshwe, amsalimie mzee. Kasiran hakupata kisingizio. Alipolitua mezani, kitu kilibingirika sakafuni mwa tundu.

Yai.

Mtu mmoja akapaliwa na kahawa.

"Hongera, shemeji," alisema Tumirah. "Uzeeni humo, tena dume, kajifungua salama!"

Watu walicheka hadi wakashika viti. Kasiran naye, ambaye masikio yake yalikuwa yanawaka, akajikuta anacheka mpaka machozi yakamtoka. Machozi yakakataa kukoma. Tumirah akaliona hilo, akawaaga wageni kwa maneno machache.

"Alikufa lini?" aliuliza walipobaki wawili.

"Kabla ya mavuno."

"Na hukuniita mazikoni?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekuja." Tumirah akafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Kigulu sijamwona tangu mvua za mwaka juzi. Ninayekuonyesha ni yeyote anayetua pale."

Kasiran akamkodolea macho. "Yaani nimekonda kwa hofu ya ndege wa kila mtu?"

"Hujakonda hata kidogo."

"Sasa nani kashinda?"

"Wako tuna kaburi lake. Wangu pengine yuko shamba fulani anaringa. Kwa hiyo mimi."

"Au kaliwa na paka siku ileile uliyomwachia!"

Walibishana njia nzima hadi kwenye mpapai. Pale Tumirah alichota punje za mahindi mfukoni, akazitawanya juu ya udongo.

"Marehemu hakupenda mahindi," alisema Kasiran kwa sauti ndogo. "Mtama tu."

"Basi na ale wangu," alisema Tumirah, "akipita."