Nani Amefariki?

Huku Dutwa mtu mzima hakimbii bure. Ukimwona anakimbia, ng'ombe wameibwa au kuna msiba. Sasa mimi, mwalimu mzima, nilikuja kwa dada yangu nikiwa na likizo ya ugonjwa. Daktari wa Bariadi alisema nina sonona, nifanye mazoezi kila asubuhi. Nikavaa raba za shemeji, nikatimka.

"Mwalimu, nani amefariki?" aliita Mayige, fundi baiskeli.

"Kitambi changu. Nawahi kukizika."

"Na wewe si uko likizo ya ugonjwa? Basi mimi nikiumwa nitacheza mpira."

"Wewe ukiumwa, kaka, baiskeli za watu zitapona."

Wateja wake wakacheka. Kila asubuhi waliniuliza vile vile, nami nikawajibu kitambi. Msiba wangu hawakuujua. Hata kule nyumbani watu walikuja kunifariji, nikaishia kuwachekesha mimi.

Leo bibi mmoja nisiyemjua alikuwa anapalilia pamba. Aliponiona akatupa jembe, akajifunga kanga vizuri, akanifuata akihema.

"Mwanangu, nani amefariki?"

Nikafungua mdomo niseme kitambi.

"Minza," nikasema. "Binti yangu. Tulimzika Mkula, mwezi wa kumi."

Hakuuliza kwa nini nakimbia leo. Alinishika mkono, tukaketi kando ya barabara, na machozi yangu yakatoka kwa mara ya kwanza.

Mayige alifika na baiskeli yake, utani ukiwa tayari mdomoni. Alipotuona, akavua kofia.